Kipa wa Kudumu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Parklands, ofisini. Dakta Kamlesh ametangaza kwamba utafiti wetu kuhusu jinsi watoto wenye ulemavu wanavyojiona utaendelea na msaidizi mmoja tu. Mimi au Gurleen. Gurleen! Msichana wa juzi! Mimi nachechemea tangu utotoni, somo hili limo mwilini mwangu. Nahitaji ugunduzi, tena upesi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeupata! Nzula, wa darasa la nne kule Kabiria, huvaa chuma mguuni. Tulipomuuliza anajionaje, akasema yeye ni kipa hodari. Maskini! Hajui wenzake humweka golini kwa sababu hawezi kukimbia. Nimemweleza Dakta. Gurleen akasema labda anadaka kweli. Wivu huo.

Jioni nimeukumbuka uwanja wetu wa utotoni kule Mutuini. Vumbi jekundu, mpira wa karatasi, nyanya akiniita nikale nami sitaki kutoka golini. Dan, nahodha wetu, hakuruhusu mwingine asimame pale. Siku zile! Natamani hata dakika moja ya siku hizo. Ila mimi niliwekwa kwa kipaji.

Alhamisi, 6 Machi
Kabiria. Nimempeleka Dakta ajionee, Gurleen naye akafuata. Mpango: nipige penalti, Nzula afungwe, ukweli ujulikane. Nikapiga. Akadaka. Nikapiga tena. Akadaka kwa mkono mmoja! Nikarudi nyuma nije na mbio, nikateleza, nikakaa chini pwaa. Nzula akaja kuniinua, akaniuliza, "Anko, kwani leo hukukunywa chai?" Gurleen akawauliza watoto nani huchagua kipa. Wakasema kila timu humgombania Nzula. Dakta aliandika sana.

Ijumaa, 7 Machi
Gurleen anabaki. Mimi basi. Imeniuma, sifichi. Nikampigia Dan anifariji kwa habari za zamani, nikamkumbusha nilivyokuwa nikidaka. Akasema, "Kitavi, bro, si tulikuweka goal juu ya hiyo mguu? Ulikuwa unafungwa vibaya. Lakini ulikuwa unafurahi, tukakuacha tu."

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari tangu juzi. Maskini Dan! Kazi imemchosha, kumbukumbu imemtoka kabisa. Nimemwandikia Dakta Kamlesh nikipendekeza utafiti mpya, kuhusu watu wazima wanaosahau vipaji vya marafiki zao. Nimejitolea kuuongoza.