Kulalamikia Aina Ishirini na Tatu za Askari wa Damu Yangu

Kwako Daktari Nasrin Hilali, Mkuu wa Maabara,

YAH: KUONEKANA NA JESHI PUNGUFU MWILINI

Shikamoo. Nakuandikia kutoka nyumbani Bariadi, kwa unyenyekevu, ila nimeumia.

Utakumbuka ni mimi niliyejitapa kikaoni kwamba naweza kujua mtu ana aina ngapi za seli T, hao askari wa damu, bila kipimo chao maalumu. Nilisema takwimu za kawaida za usemi wa jeni, zile zinazoonyesha jeni zipi zinafanya kazi, zinatosha. Ndani yake mna vipande vya vipokezi, ambavyo kila askari humtambulia adui wake. Ni kuviokota na kuhesabu aina tu. Hakuna aliyeuliza swali, nikadhani wameridhika.

Sasa malalamiko:

1. Mimi, miaka thelathini na moja na shahada mbili, nimeonekana na aina 23. Shangazi yangu Milembe, mkulima wa Kasoli aliyejitolea damu na kuniruhusu nimtaje, ana miaka sabini na aina 612. Ameshatangaza kanisani.

2. Kwa kuhofia maradhi niliacha kushikana mikono. Kwenye harusi ya kaka yangu Mayunga niliwasalimu wakwe zake kwa kiwiko, nimevaa barakoa mbili. Mzee mmoja aliuliza taratibu kama tunawaona wachafu. Mayunga haniongeleshi tangu Jumamosi.

3. Mama amenihamishia kwenye banda la vifaranga, kwa kuwa lina taa ya joto.

4. Nilimwita mchumba wangu Kulwa, nikamweleza kwamba sipendi awe mjane mapema, hivyo namwachia uhuru wake. Nilitegemea atalia. Alisema, "Sawa, Ndaki," akaita bodaboda.

Kwa hiyo naomba maabara iniongezee aina zifike walau mia tano. Ikishindikana, mashangazi wazuiwe kushiriki katika tafiti za wapwa wao.

Wasalimie wote hapo, hata yule aliyesinzia nikiwasilisha. Huku salamu ya Kisukuma ni mwangaluka.

Wako mwenye askari wachache,
Ndaki Shigela

Tanbihi: Nikiwa sijafunga bahasha, shangazi alikuja kunijulia hali. Akauliza, "Damu yangu ulisoma kiasi gani, na yako kiasi gani?" Nikafungua kompyuta nimwoneshe. Faili lake lilishuka lote kutoka maabara, vipande milioni sitini vya jeni. Langu lilikatika mtandao ulipoyumba, nami sikuangalia. Nilisoma milioni mbili. Nilipopunguza lake yakalingana, alibaki na aina 19.

"Kwangu ulichota gunia, kwako kikombe," alisema. "Na hapo ndipo ulipowatukania watu harusi yao?"

Nimekwenda kumwomba radhi Mayunga, amenipa mkono. Kulwa nimempigia simu, nikamfafanulia kosa lote la hesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jibu lake halikutegemea damu.