Mlango wa Stoo

Jumatatu, 3 Machi

Kidato cha Tatu, somo la Kiingereza. Kitenzi cha leo: withdraw. Nimewaeleza kwamba mteja hutoa fedha benki, jeshi hurudi nyuma, shahidi hufuta kauli, mgombea hujitoa, mwenye huzuni hujitenga. Neno moja, kazi zote hizo. Msichana wa dawati la mbele akauliza kama aliyejitoa anaweza kurudi. Nikamjibu inategemea kama kuna anayemwita. Jibu zuri. Nimejishangaa mwenyewe.

Nyumbani bado nalala stoo. Mke wangu anataka mama yake, ambaye ni mgonjwa, aje kuishi nasi. Sikukataa. Nilisema tu kwamba mwenye nyumba huulizwa kwanza, nikabeba godoro langu. Mpango ni rahisi: nikae kimya mpaka aje kunibembeleza, kisha nikubali kwa masharti. Chakula analeta binti yetu. Anaweka sahani sakafuni, anaondoka. Godoro linanuka mafuta ya taa.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha walimu. Kumchagua mwenyekiti wa kamati ya mahafali. Wagombea: mimi na Mwalimu wa Historia, mtu wa kuchekacheka ovyo ambaye kila mtu anampenda bila sababu. Nikasimama, nikasema kwa unyenyekevu kwamba najitoa. Nikatua kidogo ili wapate nafasi ya kupinga.

Wakapiga makofi. Mkuu wa shule akanishukuru kwa kuwaokolea muda. Mwalimu wa Historia akaja kunishika mkono, eti nimeonyesha uungwana. Mkono wenyewe wa moto na una chaki.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemweleza Mkuu kwamba nafuta kauli yangu ya juzi. Akasema kamati imeshaanza kazi, ila nikitaka naweza kusimamia viti. Nimesema nitafikiria. Viti!

Jioni nimemsikia mke wangu akicheka jikoni na binti. Muda mrefu sijamsikia akicheka. Ni mbinu, bila shaka. Anataka nitoke nikaulize kinachochekesha. Sikutoka.

Ijumaa, 7 Machi

Amegonga. Hatimaye.

Ilikuwa jua linazama, nasahihisha madaftari. Akasema nyuma ya mlango, taratibu, "Mume wangu, mama amezidiwa. Nisindikize hospitali."

Mwanzo mzuri. Lakini hakuwa ameomba radhi. Nikanyamaza ili aongeze neno. Nilisikia anavyopumua. Akasema tena, "Tafadhali." Nikajua bado kidogo tu, atamaliza mwenyewe.

Kisha nikasikia ndala zake zikienda, na geti. Nimekaa namsubiri arudi kugonga.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amefariki alfajiri.

Nimeletewa habari na fundi cherehani wa jirani. Alishangaa kunikuta nyumbani. Nikavaa suti, nikaenda msibani, nyumbani kwa marehemu. Uani nimemkuta Mwalimu wa Historia, mikono ya shati imekunjwa, anapanga mabenchi. Kumbe jana mke wangu alimsimamisha njiani, naye akampeleka yeye na mama yake hospitali kwa gari lake, akakaa nao hadi mwisho. Binti alikuwa amemwegemea mama yake, hakuniangalia.

Mke wangu alikuwa ameketi mkekani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata kwa matusi. Akainua uso, akasema, "Karibu, mwalimu. Pole kwa safari." Kama anavyomkaribisha mtu yeyote. Kisha akasogea ili wengine wapite.

Nikakaa nyuma kabisa. Mama mkwe alinipenda, yule. Alikuwa akinimenyea machungwa na kunipa bila kusema kitu. Nililia kidogo. Hakuna aliyeona.

Jumatano, 12 Machi

Tumeshazika. Mke wangu anabaki nyumba ya mama yake, na binti naye. Nilipomuuliza hadi lini, hakugomba. Alisema, "Wewe ulishajitenga. Mimi nimekuachia nafasi tu."

Nyumba nzima ni yangu sasa. Kitanda kiko wazi, kimetandikwa vizuri. Nalala stoo vilevile. Akirudi ghafla akanikuta kitandani, ataona nimeshindwa.

Ijumaa, 14 Machi

Binti amekuja kuchukua sare zake za shule. Nikamuuliza kama mama yake ameniulizia. Akakunja sketi kwanza, akaikunja upya. Akasema, "Baba, nenda tu umwambie pole. Si lazima useme lolote lingine."

Nimemwambia nitafikiria. Alipofika getini aligeuka, nikamwonyesha kwa mkono kwamba aende.

Mtoto hajui mambo haya. Nikienda leo, maisha yangu yote nitakuwa mtu wa kwenda. Nimeamua: mke wangu akipiga simu, sipokei. Akipiga tena, sipokei. Ya tatu, labda.

Simu nimeiweka juu ya mto, nimeongeza sauti hadi mwisho.