Namba ya Chini Lazima Ishuke

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa kila kijiji: kuanzia Jumatatu, milima ya wilaya ya Linxu inaacha uvivu.

Mkurugenzi Pang Jingde, wa Ofisi ya Kugeuza Mazingira kuwa Mapato, aliliandika mwenyewe na kulipiga muhuri mwekundu. Hakuwa na mzaha. Kila mwaka mkoa ulipima wilaya zake zote kwa kuchukua kipato kitokanacho na misitu, maji na hewa, kisha kukigawanya kwa wingi wa misitu, maji na hewa yenyewe. Linxu ilikuwa na misitu kupita kiasi, kwa hiyo ilishika mkia. Ya kwanza ilikuwa wilaya moja ya mjini yenye mti mmoja tu, mbele ya hoteli, ambapo maharusi hulipia kupiga picha.

Linxu ilikuwa imeshika mkia mara mbili mfululizo. Ya tatu, mkoa ulisema, Pang atavuliwa cheo.

Alijitahidi, hakuna anayeweza kukataa. Alibandika msimbo wa malipo kwenye kila kivuli: elekeza simu, lipa yuan mbili, keti. Wazee wakabeba viti vyao, wakahamia juani. Akauza hewa ya mlimani kwenye makopo. Wateja wakayarudisha, wakilalamika kwamba ni matupu.

Ndipo akili ikamfunguka. Kama namba ya juu, yaani kipato, haipandi, basi namba ya chini, ile ya kugawanyia, ishuke. Akaitisha mkutano kijijini Shangwu, penye mikafuri ya kale ambayo haijaguswa na shoka tangu enzi za mababu. Kando yake aliketi Kuang Lirong, mtathmini kutoka mkoani, binti mkimya, kompyuta mapajani, akimenya mbegu za alizeti.

"Ndugu wananchi," Pang alisema, "ofisi inapendekeza kuipumzisha mikafuri mia nne."

"Kuipumzisha kwa nini?" aliuliza Bibi Xue, mlinzi wa msitu, mwenye miaka themanini na sauti ya kuitia bata.

"Kwa msumeno, bibi."

"We Jingde! Ulipozaliwa ulikuwa unaumwaumwa, mama yako akakukabidhi kwa mkafuri ule pale uwe mama yako mlezi. Kila mwaka mpya ulikuwa unaupigia magoti. Leo unataka kumkata mama yako?"

Watu wakaangua kicheko. Pang akajikohoza.

"Kitaalamu, bibi, mama mlezi hana mapato."

"Haya. Hiyo namba yako ya chini ina nini ndani?"

Pang alimgeukia Kuang, ambaye alifuta vidole kwanza.

"Miti, maji na hewa," Kuang alisema. "Na watumishi wanaosimamia, pamoja na majengo na magari yao."

"Watumishi wangapi?"

"Sitini na wawili."

"Wanaingiza ngapi?"

Kuang alitafuta kwenye kompyuta, akapanda, akashuka. "Hapa pako wazi."

"Sasa si muanze na hao, mwanangu? Hao hata ndege hawatui juu yao."

Pang alicheka, kama mkubwa anavyomchekea bibi kizee mbele ya watu. Kuang hakucheka. Alikuwa anabonyeza.

"Tukikata mikafuri, Linxu inapanda nafasi moja," alisema. "Tukifuta ofisi, inakuwa ya pili."

"Na ya kwanza?" Pang aliuliza.

"Ile ya mti mmoja. Hawana ofisi."

"Lakini mbinu ya kushusha namba ya chini ni yangu!"

"Nimeandika hivyo, Mkurugenzi. Jina lako lote."

Mkoa haukuchelewa. Pang alipewa cheti cha ubunifu, na katika bahasha hiyohiyo barua ya kufuta ofisi, ambayo ilihitaji saini yake katika nakala tatu. Akasaini zote, maana alikuwa mtu wa utaratibu.

Mwaka uliofuata Kuang alirudi kuorodhesha upya vitu vya Linxu ambavyo bado havijageuzwa mapato. Alimkuta Pang ameketi mlangoni kwake, mikono magotini, akiutazama mlima. Akasimama kidogo, akamwandika kwenye orodha, baada ya ukungu na kabla ya vyura.