Nyama ya Chokoleti Niliyompikia Mama Mkwe

Leo nimeaibika nikiwa nimepiga magoti.

Mama yake Ochen, mchumba wangu, alikuwa anakuja kuniona kwa mara ya kwanza. Ni mjane wa askari, mtu wa Lira, kaskazini mwa Uganda, Kiswahili alikipata kambini. Ochen alishaninong'oneza kwamba mama ana wasiwasi mmoja tu: eti wasichana wa Kenya biashara tunaijua, kupika tunakisia. (Nauza viatu hapa Kansanga, Kampala. Sikubisha.)

Nikaamua kumnyamazisha kwa nyama. Nilikuwa nimemwona mpishi mmoja kwenye simu akiunga nyama ya ng'ombe kwa chokoleti nyeusi, ile chungu. Basi nikawasha sigiri ya makaa uani. Nikakaanga vitunguu, nyanya, pilipili, nyama, kisha chokoleti nzima ikayeyukia humo. Mchuzi ukawa mweusi wa kutisha. Nikajiambia huo weusi ndio utaalamu wenyewe.

Ilipokaribia kuiva nikaenda kuoga. Nikamwomba jirani yangu Mama Apio, mke wa polisi, aniangalizie sufuria.

Kutoka bafuni, mgeni ameshafika! Nikapakua mbio mbio, bila kuonja. Weusi ulikuwa umepungua na mchuzi unanukia karanga. Nikasema moyoni, kumbe chokoleti ikiiva huwa hivi. (Naomba mniache kwanza.)

Nikapiga magoti kama desturi ya huku, nikamnawisha, nikampa sahani. Akala. Akaongeza. Akasifu odi yangu, akasema ni kama ya kwao. Odi ni karanga na simsim zilizosagwa pamoja, ndiyo wanayoungia mboga huko kaskazini.

Hapo ningenyamaza, sasa hivi ningekuwa mtu wa heshima. Lakini mdomo huponza kichwa.

"Si odi, Mama. Hiyo ni chokoleti."

Akaonja tena, taratibu. "Binti yangu, mimi nasaga odi tangu mtoto."

Nikamweleza, kwa upole wa mwalimu, kwamba ulimi wakati mwingine hudanganyika. Nikamweleza jinsi chokoleti inavyolainisha nyama. Ochen naye, maskini, akaniunga mkono: yeye chokoleti anaisikia kabisa, hasa mwishoni.

Mlango ukabishwa. Mama Apio akaingia, akasalimia kwa adabu zote, kisha akanigeukia kwa huruma.

"Dada, nisamehe. Ile nyama yako iliungua, ikakuwa nyeusi kama makaa. Mimi naonja, iko chungu. Nikasema huyu mtoto leo ataaibika. Nikamwaga, nikaweka yangu ya odi. Nilikuwa natafuta wewe nikuambie."

Ochen, bingwa wa kuisikia chokoleti, akaanza kukagua dari.

Mama mkwe hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alimuuliza Mama Apio anatoka kijiji gani, wakahamia kilugha chao, wakashikana mikono, wakacheka mambo yao, na mimi bado niko chini na birika la maji. Nilitamani sakafu ipasuke.

Alipokuwa anaondoka akamwambia mwanawe, kwa Kiswahili ili nami nisikie:

"Huyu oa. Lakini msihame hapa."

Basi ndugu zangu, nimefaulu mtihani kwa sufuria ya jirani. Mwenye kucheka acheke kimoyomoyo, maana Mama Apio ananisubiri uani na kilo mbili za karanga za kusaga.