Malalamiko Rasmi Dhidi ya Kijibwa Bosi, Kuhusu Maji Chini ya Kiti Changu

Chumba cha Kati,
Nyumbani kwako.

Kwa Mheshimiwa Binti Yangu,
Karani Mkuu na Mwenye Nyumba.

YAH: BOSI ATOKE NJE, MIMI NIBAKI NDANI

Marahaba. Naitanguliza mwenyewe, maana shikamoo yako ya leo asubuhi uliitoa huku unakagua sakafu chini ya kiti changu, nikashindwa kujua umenisalimia mimi au vigae.

Nakuandikia kwa sababu ndivyo ulivyozoea kazini. Mtu akija na shida yake unamwambia, "Lete kwa maandishi." Hata juzi mezani nilipofungua mdomo ukasema, "Baba, leo nimechoka, niandikie." Haya, nimeandika. Naipitisha chini ya mlango wako, na mimi nipo ukuta wa pili, kwa hiyo usije ukaniambia faili halionekani.

Kwanza kabisa, habari hii watu wote wanaisimulia vibaya. Mshonaji wa jirani anaisimulia vibaya huku anakanyaga cherehani, wateja wanacheka mpaka anakosea vipimo. Kinyozi ni mbaya zaidi, hakuwepo na bado anaigiza. Mumeo, fundi majokofu, yeye haisimulii kabisa. Akiulizwa anasema, "Mimi nina friji la mtu hapa, niacheni." Anayeijua ni mimi, maana kiti ni changu.

Malalamiko ndiyo haya.

1. Makofi. Tangu Bosi aje, hamjakaa mkakubaliana anajisaidia wapi. Wewe unataka ndani, kwenye tambara la bafuni, kwa sababu nje kuna matope. Mumeo anataka nje, kwenye ua la getini, kwa sababu anayefua tambara ni yeye. Kila mmoja anafundisha lake, na kila mmoja ana biskuti zake mfukoni. Mbwa kapata waajiri wawili kwa kazi moja! Asubuhi mumeo anamtoa, anasimama naye kwenye umande kifua wazi, anambembeleza, "Haya Bosi, fanya mambo, baba. Fanya tu, hakuna anayekuangalia." Bosi ananusa ua, anatazama mawingu, anamtazama mumeo kwa huruma. Kisha anarudi, anafika kizingitini, miguu ya mbele ndani, ya nyuma nje, anakojoa papo hapo ili asimwudhi mtu.

Na bado mnampigia makofi! "Bosi hodari! Bosi mwanaume!" Wewe unapiga kwa sababu kaelekea ndani, mumeo anapiga kwa sababu nusu yake iko nje. Mimi nimekwenda msalani kwa miguu yangu mwenyewe tangu hujazaliwa, sijasikia hata pole. Nikamwuliza mumeo. Akacheka, "Mzee, kwani na wewe unataka makofi?" Nikamjibu, "Mkwe, biskuti zitatosha."

Mngeniuliza mimi. Nimelinda ghala la magunia ujana wangu wote, na mbwa nimefundisha. Mmoja mweusi nilimfundisha mpaka akibanwa anabisha hodi kutoka ndani. Akimaliza huko nje anajifuta miguu kwenye gunia. Meneja alikuwa haendi msalani kabla hajamtazama yule mbwa usoni, ajue kama choo kina mtu. Muulize yeyote wa pale, kama bado yuko hai.

2. Siku ya wageni. Wewe ulikuwa hujatoka kazini, kwa hiyo unayoyajua umeyaokota kwa mshonaji. Walikuja watu wa mumeo: mama yake, shangazi yake, na yule mjomba mnene anayekunywa juisi kama anazima moto. Nilikuwa nawasimulia mwizi wa ghalani. Nimefika pale anapopanda juu ya magunia, na mimi niko chini na tochi. Hapo, mwanangu, msimuliaji hainuki, hata abanwe vipi. Ukiinuka, hadithi inapoa na mwizi anatoroka.

Mara nikamwona mama mkwe wako anainua miguu. Maji yalikuwa yanatoka chini ya kiti changu, yanamwendea polepole, kama mtu anayekwenda kusalimia. Mjomba akasema, "Mzee, juisi imemwagika." Shangazi akagusa kwa kidole cha mguu, akasema, "Juisi gani ina joto?"

Nikasema palepale, "Bosi huyo!"

Shangazi akauliza, "Bosi nani?"

Nilimwona kwa macho yangu haya. Alitokea nyuma ya pazia, akatazama huku na huku, akanyanyua mguu, akamaliza haja yake, akaondoka bila kuaga. Mshonaji anadai kijibwa wa umri ule hanyanyui mguu, anachuchumaa. Huyu alinyanyua. Ni mwerevu akitaka. Na suruali yangu? Alirusha. Mumeo akaenda kuchukua dekio bila hata kumkemea Bosi, utadhani mbwa ni wa jirani.

3. Kiti. Nimetoka kunyoa ndevu nakuta kiti changu kimevalishwa nailoni. Nikigeuka kinapiga kelele. Nikikohoa kinaitikia. Siwezi hata kufikiria jambo bila kiti kunitangaza. Mkosaji analala kwenye blanketi la sufu.

4. Chai. Jua likizama, chai imefungwa. "Baba, ushakunywa ya kutosha." Bakuli la Bosi limejaa mpaka ukingoni mchana na usiku. Naomba nijue ni nani kati yetu aliyekulea.

5. Ukuta wenu ni mwembamba. Nilikusikia ukimwambia mumeo, "Kama ni mbwa, mbwa aondoke, Jumapili achukuliwe na muuza mkaa. Kama si mbwa, basi Baba aende kwa daktari, na ahamie chumba cha nje, kiko karibu na choo." Mumeo akajikohoza tu.

Mwanangu, chumba kile nakijua. Ndimo mlimoweka baiskeli iliyokufa na mlango usio na nyumba. Mtu akiwekwa mule, wageni wakija wanaambiwa, "Mzee yupo, amepumzika." Anapumzishwa hivyo mpaka anazikwa. Mimi nimezoea kukaa sebuleni, anayeingia ananikuta, anayetoka ananiaga.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Bosi aende kwa muuza mkaa Jumapili bila kucheleweshwa. Nailoni ivuliwe. Mshonaji aitwe na kuonywa, na kinyozi anyang'anywe wembe mpaka atubu. Na kwa kuwa nyumba hii inapenda mafunzo, basi yawe ya wote: kila mgeni akifika asimamishwe kwanza pale kwenye ua la getini na kubembelezwa mpaka afanye, tukianza na yule mjomba wa juisi. Atakayepatia, makofi. Atakayeshindwa asikanyage vigae vyangu. Mama mkwe wako tumsamehe, miguu yake imeshapata msukosuko.

Wasalimie wote walioko upande wako wa ukuta. Msalimie mumeo. Kinyozi usimsalimie.

Ni mimi baba yako mzazi,
Mlinzi Mstaafu, ambaye hajawahi kusinzia zamu.

Nyongeza: Nilikuwa nainuka niipitishe barua, nikashindwa. Bosi kalala juu ya miguu yangu, anakoroma kama mtu mwenye kiwanja. Leo muuza mkaa alipita getini akamtazama, akasema, "Atazoea kamba." Mbwa wa muuza mkaa nimewaona mimi. Hawana ndani. Wana nguzo, na mvua ikija inawakuta palepale.

Basi kuna kipande kimoja nilikitunga. Siku ya wageni Bosi hakuwepo. Mumeo alimpeleka asubuhi kwa daktari wa mifugo kupigwa sindano, akamfuata jioni, sakafu imeshakauka. Mumeo alijua pale pale niliposema "Bosi huyo." Alinitazama mara moja, akaenda kuchukua dekio, na mpaka leo hajafungua mdomo, hata kwako.

Kwa hiyo muuza mkaa asisumbuke. Chumba cha nje nitakwenda kukitazama, sijasema nahamia. Na kwa daktari nitakwenda, ila anipeleke mumeo. Wewe utamweleza daktari kila kitu kabla sijakaa. Mumeo anajua kunyamaza.