Viatu vya Ushenga na Vidonge vya Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti
Miguu imevimba tena. Viatu vipya vyeusi haviingii hata kwa kijiko. Na posa ya mpwa wangu Ashrafu ni Jumamosi! Mshenga gani huyo wa kandambili? Shemeji Ukasha, kaka wa mke wangu, anasubiri nikwame tu auchukue ushenga. Nimelizunguka duka langu mara kumi ili uvimbe ushuke, mji mzima wa Rubwera umeniona. Nesi Renatha wa kliniki ya presha anasema huenda ni amlodipini, kidonge changu cha presha, nimwone daktari Jumatatu ijayo. Ijayo! Ukasha anameza verapamili, ya kifua kubana. Vifundo vya miguu yake vyembamba kabisa.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemwita Ukasha chai. Nikaisifu amlodipini: kidonge kimoja kwa siku, umemaliza. Yeye anameza mara tatu, na analalamikia choo kigumu. Tumebadilishana pakiti. Amekubali haraka mno, sina raha.

Ijumaa, 8 Agosti
Viatu vimeingia! Kwa kijiko, lakini vimeingia. Choo sijapata tangu Jumanne. Nimekula papai zima, bure. Nikisimama ghafla nyumba inazunguka. Itakuwa furaha.

Jumamosi, 9 Agosti
Kwa kina Najat, mchumba wa Ashrafu, nimeingia taratibu wavione viatu. Barazani watu wote wakavua viatu! Miaka hamsini naacha viatu mlangoni mwa msikiti, sikukumbuka. Soksi ya kulia ina tundu. Nikasimama kuposa, neno la tatu nikakalia sinia la vikombe. Ukasha akainuka kwa furaha kuchukua nafasi yangu, akashika kifua. Tukapakiwa wote wawili kwenye pikapu kwenda hospitali, juu ya magunia ya kahawa. Niliogopa sana. Ukasha alinishika mkono njia nzima. Ashrafu kajiposea mwenyewe, wamemkubali.

Jumatatu, 11 Agosti
Renatha katusimamisha mbele ya kliniki nzima. “Hii amlodipini inalegeza mishipa, ndiyo maana miguu inajaa. Ile verapamili inapunguza mbio za moyo. Ni ndugu, lakini hazifanyi kazi moja. Mlitaka kufa kwa ajili ya viatu?”

Nimeapa sirudii. Daktari kanipunguzia amlodipini, kaniongezea kidonge kingine. Ukasha kapewa diltiazemu. Eti iko katikati ya zile mbili: haivimbishi sana, haifungi choo sana.

Katikati! Na harusi ni mwezi ujao. Kesho nimemwita Ukasha chai.