Dawa ya Mzee Mwenye Samaki

Jumatatu, 2 Juni
Nina miaka themanini na tatu. Nimezika wake wawili, matrekta manne na daktari aliyesema sitafika sabini. Bingwa wa kaunti wa mchezo wa kurusha viatu vya farasi vya chuma kwenye kigingi, miaka tisa. Hapa Ohio nani mwingine? Ila tangu Aprili mkono mzito, na jirani Elwood, mpinzani wangu, ameanza kutabasamu. Mashindano Jumamosi.

Leo runingani mzee wa rika langu kavua samaki kama ndama. Tangazo la dawa iitwayo Zanvorel. Hawakusema inatibu nini. Muulize daktari wako, wakasema, basi.

Jumanne, 3 Juni
Binti yangu Lorene kapiga simu. Kasema dawa ya cheti cha daktari haichaguliwi kama soksi, nchi karibu zote zimepiga marufuku matangazo hayo. Nikamwambia nchi karibu zote hazijui kurusha viatu vya farasi. Bila runinga daktari angenificha Zanvorel mpaka kaburini. Akasema, "Baba, wewe mbishi kuliko nyumbu." Nikamshukuru.

Mwisho wa tangazo bwana mmoja anataja dalili mbiombio kama dalali wa mnada wa ng'ombe. Nimezikariri. Nitasema ninazo zote. Daktari atakosa pa kutokea.

Alhamisi, 5 Juni
Nimemtajia Daktari Ostrander: kizunguzungu, kusinzia ghafla, kuona viwili viwili, kuzimia. Akaacha kuandika. Tangu lini? Nikasema tangu Pasaka, ziwe na uzito. Akauliza nimefikaje. Kwa gari, nikajivunia, peke yangu, maili ishirini.

Akachukua funguo za gari. Hakuna kuendesha, hakuna mashindano, mpaka vipimo vya Jumanne.

Nikamwambia muuguzi Myrna nilifuata Zanvorel, akanicheka huku akinitoa damu. "Mzee Harlan, hizo si dalili za ugonjwa. Ni madhara ya dawa. Na dawa yenyewe ni ya kina mama waliokoma hedhi; yule mzee wa samaki ni mume wa mgonjwa tu." Kasema nikiri tu kwa daktari, funguo nitapewa papo hapo.

Nikiri? Bingwa?

Jumamosi, 7 Juni
Nimetazama kutoka gari la Lorene. Elwood kashinda. Kanipungia kwa mkono ulioshika kombe. 

Jumapili, 8 Juni
Kumbe kosa langu ni kutaja dalili nyingi mno.

Leo kuna tangazo jipya, mama anapanda mlima kwa baiskeli. Dawa sijashika jina vizuri. Dalili nane. Jumanne nitataja mbili tu.

Asiyeamini haya amuulize Myrna. Lorene pia alikuwepo Jumamosi, lakini yeye atasema nilishindwa.